Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukuza Cissus quadrangularis, mmea wa pingili za pembe nne

Karibu kila anayeniuliza kuhusu mmea huu huanza na maji. Nimwagilie lini? Kiasi gani? Mbona majani yanaanguka na jana tu nimemwagilia? Nimeukuza kwa miaka mingi na nimeupoteza mara kadhaa. Kila mara niliua kwa maji mengi, sijawahi kuua kwa kiu. Kwa hiyo usishangae ukiona hata jibu la chungu au la jua linarudi kwenye maji.

Huu ni mmea gani hasa?

Jina lake la kisayansi ni Cissus quadrangularis, alilolitoa Linnaeus mwaka 1767. Neno la pili linataja kitu unachokisikia mkononi mara tu ukiushika: pembe nne. Uko katika familia ya mizabibu, Vitaceae. Undugu huo hauonekani upesi kwa sababu hakuna mzabibu wenye shina kama hili, lakini ukitazama vikono vyake vya kushikia, vishada vya maua yake madogo na matunda yake ya mviringo utauona. Asili yake ni Afrika, Bara Arabu, India, Sri Lanka na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, na aghalabu huota kwenye vichaka vya nyanda kavu, ukikwea juu ya miti mingine kulifuata jua.

Shina lake limeungwa kwa pingili kama muwa, ila pingili hizi ni za kijani, nono, na kila pembe ina ukingo mwembamba uliojitokeza kama bawa. Pingili iliyokomaa huwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10 na unene wa sentimita moja na nusu hivi. Pingili mbili zinapokutana shina hubanwa, na hapo ndipo penye kifundo. Kila kifundo kichanga hutoa jani moja, na upande wa pili wake hutoka kikono chembamba kinachojisokota. Jifunze kutofautisha pingili na kifundo tangu siku ya kwanza. Pingili ndiyo ghala la maji. Mizizi na matawi hutoka kwenye kifundo.

Nitautambuaje, isije ikawa nimepewa mmea mwingine?

Swali hili lichukue kwa uzito, hasa kama umepewa kipande na mtu asiyejua jina lake. Baadhi ya mimea ya jenasi Euphorbia ina mashina ya kijani yenye pembe nne, na kwa mbali mtu anaweza kudanganyika. Euphorbia ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni mkali, huchoma ngozi, na ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Cissus ukiikata hutoa maji maangavu yenye utelezi kidogo. Zaidi ya hapo, Cissus haina miiba hata mmoja, na ina vikono vya kushikia. Euphorbia haina vikono.

Pitaya, aina ya kakti yenye matunda yanayoliwa, nayo hukwea na kuhifadhi maji shinani, lakini shina lake kwa kawaida lina pembe tatu, lina vishada vya miiba midogo, na hushikilia kwa mizizi inayotoka hewani. Mimea ya jamii ya Caralluma ina pembe nne, lakini ni mifupi na haikwei kitu.

Ndugu wa karibu nao wapo. Cissus cactiformis ina pingili nene zaidi na mabawa mapana. Cissus rotundifolia ina majani ya mviringo, mazito, yanayong'aa kama yamepakwa nta, na majani hayo hubaki muda mrefu. Matunzo ya zote tatu yanafanana sana. Tofauti ni kwamba rotundifolia huweka maji mengi majanini, kwa hiyo huko unatazama jani, na huku unatazama pingili.

Unaishije miezi bila mvua?

Kwanza una akiba. Pingili zimejaa maji, na ngozi yake ya nje ina nta inayoyazuia yasipotee. Lakini kinachonivutia zaidi ni saa zake za kupumua. Mimea mingi hufungua stomata zake, yaani vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa, mchana jua likiwaka, na hapo maji mengi hupotea. Shina la mmea huu hufungua stomata usiku, hewa ikiwa imepoa. Huvuta kabonidayoksaidi, huifanya asidi ya maliki na kuihifadhi ndani ya seli zake. Kukikucha vitundu hufungwa, kisha kabonidayoksaidi ile hutolewa kutoka kwenye asidi na kutumika kwa usanisinuru, nje kumefungwa. Ndiyo sababu shina huwa na uchachu mwingi alfajiri kuliko jioni.

Majani yake hayaishi hivyo. Hufanya kazi mchana kama majani ya mimea mingine, na hutumia maji. Mmea huyatoa wakati kuna unyevu, ukikauka huyaangusha, na kazi yote hubaki kwa shina la kijani.

Majani yanageuka manjano na kudondoka. Una kiu?

Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea hapa hapa. Mmea wangu wa kwanza ulikuwa na majani saba au manane mazuri. Nikaona yanageuka manjano, moja baada ya jingine, na kudondoka. Nikaamini una kiu, nikamwagilia. Yakadondoka mengine, nikaongeza maji. Wiki ya tatu niligusa shina kidogo tu likaja lote mkononi, na sehemu iliyokuwa ndani ya udongo ilikuwa imegeuka uji wa kahawia. Mmea haukuwa na kiu hata kidogo. Majani yalikuwa yamemaliza muda wake tu.

Jani la mmea huu halikuumbwa lidumu. Hutoka kwenye pingili changa za nchani, hukaa wiki kadhaa, kisha huachia. Shina lililokomaa lisilo na jani hata moja ni shina zima, lenye afya. Kwa hiyo jani lisikuambie chochote kuhusu maji. Itazame pingili, tena ile ya katikati ya shina, si ya nchani wala ya chini kabisa. Ikiwa imejaa, pande zake zimenyooka au zimevimba kidogo, na ukiibana kwa vidole ni ngumu kama tango, mmea una maji ya kutosha. Ikiwa pande zimebonyea ndani na pembe zimejitokeza kama kingo za karatasi iliyokunjwa, lakini bado ni ngumu na ya kijani, hapo una kiu. Ikiwa imelegea, inateleza, na rangi yake ni kama kitu kilichopikwa, huo ni uozo. Maji yoyote utakayoongeza yatauharakisha.

Basi nimwagilie mara ngapi?

Sitakupa idadi ya siku, na ningekusihi usimwamini anayekupa. Chungu kidogo cha udongo wa kufinyanga kilicho juani hukauka kwa siku tatu. Chungu kikubwa cha plastiki kilicho kivulini kinaweza kubaki na unyevu wiki tatu. Ni mmea uleule, ila siku ni tofauti kabisa.

Ninachofanya ni hiki. Nachukua kijiti kikavu kisichopakwa rangi, nakidunga hadi karibu na kitako cha chungu, nakiacha dakika kumi, kisha nakitoa. Kikitoka na udongo ulioganda juu yake, au kikiwa baridi nikikigusa shavuni, naahirisha. Kikitoka kikavu, naitazama pingili. Udongo umekauka na pingili zimeanza kubonyea, namwagilia. Udongo umekauka lakini pingili zimejaa, naweza kungoja wiki nzima bila wasiwasi.

Ukiamua kumwagilia, mwagilia kikweli. Mimina taratibu mpaka maji yatoke chini ya chungu, acha yachuruzike, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kunyunyizia vijiko viwili vya maji kila siku ni kubaya kuliko vyote, kwa sababu juu hubaki na unyevu daima na mizizi ya chini haipati kitu. Mizizi ikilowa kisha ikakauka kabisa inaizoea hali hiyo. Ikikaa katika unyevu usiokwisha, inaoza.

Wakati wa joto na ukuaji, yaani unapoona nchani kunatoka pingili mpya, mmea hunywa vizuri na huwezi kuuonea kwa urahisi. Wakati wa baridi, au ukiona ukuaji umesimama, punguza sana. Kwangu mara moja kwa mwezi humtosha mmea uliokomaa wakati huo, na kuna vipindi ambavyo hata hiyo naiacha. Kama uko nje na mvua zinanyesha mfululizo, uhamishie mahali penye paa lakini penye mwanga.

Udongo gani unaufaa, na chungu gani?

Udongo unaopitisha maji haraka. Mimi huchanganya sehemu moja ya udongo wa bustani au mboji iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga wenye chembe kubwa, na sehemu moja ya kokoto ndogo au pumisi, yaani mawe mepesi yenye vitundu. Mchanga laini kama unga haufai, kwa sababu hujaza nafasi za hewa na kugandamana. Kujua kama mchanganyiko umekaa sawa, mimina kikombe cha maji juu ya chungu kilichojaa: maji yaanze kuzama papo hapo, yasisimame juu kama dimbwi.

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Watu wengi huweka tabaka la kokoto kwenye kitako wakiamini linasaidia maji kutoka. Halisaidii. Maji husita pale udongo wa chembe ndogo unapokutana na kokoto kubwa, na hivyo eneo lenye majimaji linasogea juu, karibu zaidi na mizizi. Changanya kokoto hizo kwenye udongo wenyewe, na juu ya tundu weka kipande cha wavu au kigae kuzuia udongo usitoke.

Chagua chungu kidogo kuliko unavyodhani. Mizizi michache ndani ya udongo mwingi inamaanisha udongo unaolowa na usio na wa kuunywa. Hamishia chungu kikubwa zaidi kila baada ya miaka miwili au mitatu, na ukishahamisha usimwagilie kwa wiki moja hivi ili mizizi iliyokatika ifunge vidonda.

Unahitaji jua kali?

Unapenda mwanga mwingi, na mmea uliozoea hukaa juani siku nzima bila shida. Neno muhimu ni uliozoea. Ukiutoa ndani ya nyumba na kuuweka juani siku hiyohiyo, utaungua. Hutokea mabaka meupe au ya rangi ya majani makavu, kisha hugeuka kovu gumu la kahawia, na kovu hilo haliondoki tena. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili, ukianza na jua la asubuhi. Kingo za pingili zikipata wekundu kidogo usiogope, ni jinsi shina linavyojikinga na jua.

Ndani ya nyumba, weka karibu na dirisha linalopata mwanga kuliko yote. Chumba chenye mwanga hafifu hakiui mmea upesi, lakini hupunguza unywaji wake wa maji, na hapo ratiba uliyoizoea inakuwa sumu.

Mbona pingili mpya ni nyembamba na ndefu kuliko za zamani?

Mwanga hautoshi, au umeweka mbolea nyingi, au yote mawili. Pingili iliyokwisha kukomaa ikiwa nyembamba hairudi kunenepa. Sogeza mmea penye mwanga, kata sehemu dhaifu kwenye kifundo, na zitakazotoka baadaye zitakuwa nene. Lakini tofautisha na pingili changa za nchani, ambazo huanza nyembamba kwa kawaida na kujaa kadiri zinavyokua.

Nitauzidishaje kwa vipande?

Kwa mmea huu hili ndilo jambo la furaha kuliko yote. Kifundo kimoja chenye afya kinatosha kuanzisha mmea mzima, na mbegu siioni sababu ya kuihangaikia, maana tunda lina mbegu moja tu na mche wake huchelewa.

Chagua shina lililokomaa lakini bado la kijani, si nchani kabisa kulikolainika wala chini kulikogeuka kahawia kama gome. Kata kipande cha pingili mbili au tatu kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Kata chini kidogo ya kifundo, ili kifundo hicho kiwe ndicho kitakachoingia udongoni. Mimi hukata upande wa chini mshazari na upande wa juu mraba. Shina lisilo na majani, likishalazwa mezani siku tano, ni vigumu kukumbuka kichwa chake ni kipi, na kipande kilichopandwa kichwachini huhangaika sana.

Kisha kiache. Hili ndilo linalowashinda watu. Kilaze mahali pakavu penye kivuli na hewa, siku tano hadi wiki moja, mpaka sehemu iliyokatwa ifunge na kuwa na ngozi kavu, ngumu. Kipande hakitakufa. Vipande vyenye afya hukaa wiki kadhaa bila udongo na bado vikaota, kwa kula akiba iliyo ndani ya pingili. Ukikipanda kibichi kwenye udongo wenye unyevu, kidonda kinakuwa mlango wa ukungu.

Kikishakauka, kidunge kwenye udongo ulio mkavu au wenye unyevu wa mbali sana, kifundo kimoja kikiwa chini, na kiegemeze kwenye kijiti kisicheze. Subiri siku nyingine chache kabla ya maji ya kwanza, kisha mwagilia kidogo tu, na usirudie mpaka udongo ukauke. Kukiwa na joto, mizizi hutoka ndani ya wiki mbili hadi nne. Usiking'oe kutazama. Kiguse taratibu kama unakivuta, kikikataa, kimeshika. Ishara nyingine ni chipukizi la kijani kibichi kwenye kifundo cha juu, ingawa wakati mwingine chipukizi hutangulia mizizi, kwa hiyo usilishangilie mapema kwa kumwaga maji.

Wapo wanaootesha ndani ya glasi ya maji. Inawezekana, lakini siipendi. Mizizi iliyoota majini ni dhaifu, hukatika ikihamishiwa udongoni, na kipande huanza upya huku kimekwisha kulowa.

Unahitaji kitu cha kukwea?

Ukiuacha bila tegemeo utaning'inia au kutambaa chini, na haudhuriki kwa hilo. Lakini ukipata cha kushika unapendeza zaidi na hewa hupita vizuri kati ya mashina. Vikono vyake vinajisokota, havigandi, kwa hiyo ukuta laini hauwezi kuukwea. Upe waya, wavu, fito nyembamba au kamba, kitu ambacho kikono kinaweza kukizunguka. Unaweza kufika mita 3 na kuendelea, na shina lenye maji ni zito, hivyo tegemeo liwe imara kuliko la mmea wa kawaida wa urefu huo. Chungu nacho kiwe kizito, la sivyo upepo utaangusha vyote. Shina hukatika kirahisi kwenye kifundo ukilipinda kwa nguvu. Likikatika, umepata kipandikizi.

Napogoaje?

Kata juu kidogo ya kifundo, wakati wa joto mmea ukiwa unakua. Kifundo kilichobaki hutoa tawi, mara nyingine mawili, na mmea unakuwa mnene badala ya kamba moja ndefu. Vaa glavu kwa sababu utomvu huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na usiguse macho kabla ya kunawa. Mabaki usiyatupe ovyo uani au nje ya ua, kwani kila kifundo kitakachogusa udongo kinaweza kuota mahali ambapo hakuna aliyekihitaji.

Mbolea?

Kidogo. Mara moja au mbili katika msimu wa ukuaji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, yenye naitrojeni kidogo. Naitrojeni nyingi hujaza shina maji na kulifanya laini, na shina laini huoza na kuvutia wadudu. Wakati wa baridi, usiweke kabisa.

Unavumilia baridi?

Baridi kavu kiasi, ndiyo. Barafu, hapana, maji ndani ya pingili huganda na kupasua seli, na kukipata joto shina linakuwa rojorojo. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mimi huingiza mmea ndani na kuacha kumwagilia. Udongo mkavu ndio unaouwezesha kuvumilia. Baridi na unyevu vikikutana, vinaua mmea ambao ungevumilia kimoja kati yake.

Shina limeanza kuoza chini. Nifanye nini?

Fanya leo, usingoje kesho. Uozo hupanda kupitia katikati ya shina, na mara nyingi ndani umefika mbali kuliko unavyoona nje. Kata pingili moja juu ya mahali panapoonekana pabovu, kisha tazama sehemu iliyokatwa. Ikiwa kijani au nyeupe pote, umeokoa. Ukiona doa au duara la kahawia katikati, futa kisu kwa spiriti na kata tena juu zaidi. Endelea mpaka upate sehemu safi, hata kama utabaki na kifundo kimoja. Niliwahi kubaki na kipande cha urefu wa kidole kutoka kwenye mmea wa mita mbili, na mmea nilio nao sasa umetokana nacho.

Kilichobaki kikaushe kama kipande chochote, mara hii wiki nzima au zaidi, kisha ukipande upya kwenye udongo mpya. Udongo wa zamani utupe. Chungu kioshe kwa sabuni na ukikaushe juani kabla ya kukitumia tena.

Ni wadudu gani wanaousumbua?

Si wengi. Vidung'ata ndio ninaokutana nao zaidi: wadudu wadogo waliofunikwa na kitu cheupe kama pamba, wanaojificha kwenye vifundo vilivyobanwa na chini ya mabawa ya pembe. Gusa kila mmoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, rudia baada ya wiki, kisha tena wiki inayofuata, kwa sababu mayai hayafi yote mara moja. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, tafuta vidung'ata. Sisimizi hufuata utamu wanaoutoa. Mmea ukiendelea kudhoofika bila sababu, toa chungu na utazame mizizi, maana wapo wanaoishi huko. Vidugamba, wanaofanana na magamba madogo ya kahawia, wabandue kwa ukucha.

Viwavi vya nondo fulani vinavyokula mizabibu hula na mmea huu. Kimoja ni kiwavi cha Hippotion celerio, kinene, chenye pembe mkiani na madoa kama macho karibu na kichwa. Hupenda majani na nchani kulikolainika. Mtoe kwa mkono. Dawa haihitajiki, kwani mmea utachipua tena kwenye kifundo kinachofuata.

Utachanua?

Mmea uliokomaa wenye jua la kutosha huchanua. Maua ni madogo sana, ya rangi ya kijani na njano iliyopauka, yenye petali nne, katika vishada mkabala na majani. Hayana wa kuyasifia ila nyuki, sisimizi na nyigu, ambao huyajia kwa wingi. Baadaye hufuata matunda madogo ya mviringo yanayogeuka mekundu. Usiyale: yanachoma mdomo.

Una sumu? Nasikia unatibu mifupa.

Shina na matunda vina fuwele za kalisi oksaleti, ndogo na kali kama sindano. Ukitafuna shina bichi mdomo na koo huwasha vibaya, kwa hiyo liweke mbali na watoto wadogo na wanyama wanaopenda kutafunatafuna.

Kuhusu mifupa, ni kweli kwamba nchini India mmea huu una sifa ya zamani, na jina lake la Kihindi, hadjod, lina maana ya kiunga mifupa. Unga wake huuzwa pia kama kirutubisho. Lakini mimi ni mkulima wa mmea, si tabibu. Aliyevunjika aende hospitali, na anayetaka kutumia unga huo, hasa mjamzito au anayetumia dawa za kisukari, azungumze na daktari wake kwanza.

Nimerudi safari ya miezi mitatu, pingili zote zimesinyaa. Umekufa?

Huenda haujafa. Bana pingili kadhaa. Zilizo ngumu na za kijani, hata kama zimekunjamana, zina uhai. Usiufidie kwa ndoo ya maji: mizizi midogo imekauka na haiwezi kunywa kwa sasa. Mpe maji kiasi cha kulowesha nusu ya udongo, uache ukauke, kisha urudie. Pingili huanza kujaa ndani ya wiki moja au mbili. Za chini zilizokuwa kahawia na ngumu kama kuni ziache zilivyo, ndizo nguzo ya mmea.

Naweza kumtumia mtu kipande kwa posta?

Ndani ya nchi moja, kwa urahisi kabisa. Kama kitavuka mpaka, uliza kwanza idara ya afya ya mimea, maana nchi nyingi hudai cheti. Kikaushe kidonda siku tano kamili, kifunge kwa gazeti kavu, na weka ndani ya boksi lenye vitundu. Usitumie mfuko wa plastiki, wala usiweke pamba yenye maji kwa huruma. Kisha chora mshale juu ya gazeti kuonyesha upande wa kupanda chini.